Mke Mwenzangu na Dirisha la Wazee

Mimi naitwa Wankyo, mjane wa Mseti, nakaa hapa Butiama, na nina wivu. Nasema mwenyewe kabla hamjaambiwa na majirani. Wengine wivu wao huisha mume akishazikwa. Wangu wapi! Mseti ana mwaka wa tano kaburini, na bado nikiona moshi unatoka jikoni kwa Dorkas nasimama kunusa anapika nini.

Dorkas ni mke mwenzangu. Mimi ndiye mkubwa, yeye mdogo. Nyumba zetu zinatazamana, katikati kuna zizi ambalo siku hizi lina mbuzi tu. Wote tunatoka upande wa Bunda, kwa wakulima wa pamba. Mseti alinioa mimi kwanza, tukakaa miaka kumi na moja, halafu mwaka mmoja akapeleka pamba Bunda akarudi na Dorkas. Binti wa miaka kumi na minane, shingo hiyo, anacheka na kila mtu hadi mbwa. Siku hiyo hiyo nikaanza kunusa moshi wa jikoni kwake.

Sasa nisikilizeni lile jambo la kijinga nililofanya. Walipokuja kuandikisha vitambulisho vya taifa, tulienda sote watatu shuleni, tukapanga foleni. Mimi mbele, Dorkas nyuma yangu, Mseti kakaa kwenye dawati anatutazama. Karani akaniuliza mwaka wa kuzaliwa. Mimi ni wa hamsini na sita, najua vizuri, baba yangu aliandikaga kwenye mlango wa ghala. Lakini mume ananitazama, na yule mwenye shingo yuko mgongoni kwangu! Nikasema, "Sitini na nane." Karani akaniangalia, akaandika. Ngozi yangu ilikuwa bado inanisaidia kudanganya.

Akaja Dorkas. Huyu ni wa sitini na saba. Akasema bila aibu, "Hamsini na nane." Yaani mimi nimejipunguzia miaka kumi na miwili, yeye kajiongezea tisa. Mseti alicheka mpaka akakohoa. "Leo nimeoa upya," akasema, na njia nzima ya kurudi nyumbani alikuwa ananiita binti. Nilifurahi, sitaki kuficha. Nilijiona nimeshinda. Dorkas nikamwona mjinga, mwanamke gani anajizeesha?

Weee! Mjinga alikuwa mimi. Mseti akafa, miaka ikaenda, wakaja watu wa halmashauri na kadi za wazee. Ukifika sitini na huna uwezo, unapewa kadi yenye picha, unatibiwa bure, na kwenye zahanati una dirisha lako limeandikwa wazee kwanza. Dorkas akapewa. Mimi nikaambiwa, "Mama, wewe bado, rudi baada ya miaka minne."

Jamani, niliumia. Tunaenda zahanati siku moja, njia moja, yeye kwa presha yake na mimi kwa macho yangu. Yeye anapishwa, "Pita bibi, pita." Anakaa kwenye benchi lenye kivuli. Mimi niliyemzidi miaka kumi na moja nimesimama foleni ya wenye watoto mgongoni, magoti yananilia. Anatoka na dawa zake kwenye bahasha, ananisalimu kwa adabu, "Shikamoo dada, bado hujaitwa?" Kila alivyonisalimu nilitamani nimng'oe kilemba.

Jicho la kushoto lilikuwa limeshafunga. La kulia likaanza kuweka ukungu, nikawa natia chumvi kwenye chai na kumwita mbuzi jina la mjukuu. Mwanangu Ryoba, anayekaa Nyasho kule Musoma, akanichukua kwenda hospitali. Daktari akasema ni mtoto wa jicho, yote mawili, yanapasuliwa na kuona kunarudi, lakini nisicheleweshe. Akataja gharama. Ryoba ni fundi baiskeli, ana watoto wanne. Akaninunulia soda. Bima hakuna aliyekuwa nayo kwetu, na hata tungelipia siku ile ingebidi tungoje ianze kufanya kazi.

Tulivyorudi tukasikia madaktari wa macho wanakuja Butiama kwa wiki moja, mwezi unaofuata. Wazee wenye kadi wanapasuliwa bila kulipa. Wenye kadi! Nikakaa kitandani nikaitazama nyumba ya Dorkas kwa kile kipande cha jicho nilichobakiwa nacho, nikasema moyoni, huyu mwanamke alinichukulia nusu ya mume, sasa amekalia macho yangu.

Nitawaambia na ubaya wangu. Asubuhi moja nilishika fimbo nikaanza kwenda ofisi ya kijiji kumchongea. Niseme kwamba Dorkas si mzee, kadi ile ni ya uongo, anyang'anywe, tukose wote. Nilifika kwenye daraja la mbao nikageuka. Si kwa huruma, hapana. Nilikumbuka wataniuliza nimejuaje, na mimi kwenye karatasi ni mtoto wa juzi kuliko yeye. Uongo wangu ulikuwa umenifunga mdomo.

Ryoba ndiye aliyenibana niseme ukweli kwa mtendaji. Nathan, mtendaji wetu, alinicheka kwanza, halafu akaona naongea na nguzo badala yake, akaacha kucheka. Akampigia simu afisa ustawi wa jamii, dada mmoja anaitwa Yunis. Yunis akasema kitambulisho cha taifa nitakirekebisha taratibu kwa kiapo, lakini kwa kadi ya mzee anakuja kwenye mkutano wa kijiji Alhamisi, nilete mtu aliyenijua kabla sijaolewa, aseme mbele ya watu, na mkutano ukiridhia ataniandika.

Mtu aliyenijua kabla sijaolewa! Kaka zangu wote wamekufa. Lile ghala lilishaliwa na mchwa. Wasichana wenzangu, mmoja yuko Mwanza hasikii, wengine wako chini ya udongo. Alikuwepo mmoja tu hatua thelathini kutoka mlangoni kwangu, na huyo nisingemwomba hata maji ya kunywa. Ryoba akasema, "Mama, mwombe mama mdogo, si mnatoka upande mmoja?" Nikamwambia, thubutu! Bora nipofuke.

Alhamisi nikaenda bila shahidi. Watu walijaa. Yunis akauliza, "Nani anamfahamu bibi huyu toka usichana?" Hakuna aliyeinua mkono. Nikasikia mtu mmoja nyuma anamnong'oneza mwenzake kwamba nimejizeesha nipate vya bure, nikataka kugeuka nimtukane lakini sikuona ni nani. Yunis akafunga daftari. Hapo ndipo nikasikia sauti ya Dorkas.

"Mimi namfahamu," akasema. "Aliolewa mwaka wa vijiji, ule tuliohamishwa na magari. Sabini na nne. Alikuwa msichana mkubwa, anapalilia pamba safu mbili watu wakipalilia moja. Mimi nilikuwa mtoto wa jirani. Kwetu bibi harusi anasindikizwa na mtoto wa kike wa kumbebea kibuyu na kulala naye siku za mwanzo asiogope. Nilichaguliwa mimi. Nilimbebea kibuyu mpaka hapa Butiama, na usiku alilia, nikamshika mkono."

Ni kweli. Yote ni kweli, na hakuna mtu kijijini aliyekuwa anajua, maana mimi nilikuwa nimelizika jambo hilo. Mnajua sasa kwa nini nilimchukia? Mke mwenza wa kutoka mbali ningemzoea. Huyu nilimfuta kamasi kwa khanga yangu ya harusi.

Yunis alikuwa anaandika, halafu kalamu ikasimama. "Bibi Dorkas, na wewe siku hiyo ulikuwa na miaka mingapi?"

"Nilikuwa sijaanza shule. Meno ya mbele yalikuwa yameng'oka."

"Unaelewa unachosema? Kadi yako inasema umezaliwa hamsini na nane. Ungekuwa na miaka kumi na sita."

"Naelewa, mwanangu. Niliongeza. Miaka yote hii huyu ndiye anaitwa mkubwa, anaamkiwa kwanza, anagawa nyama. Siku ile nilitaka niwe mkubwa mimi, hata kwenye karatasi." Akafungua pindo la khanga akatoa kadi. "Ichukueni. Yeye haoni, mimi nina presha tu."

Yunis akaichukua. Alisikitika, lakini aliichukua, kazi ni kazi. Mkutano ukaniridhia kwa mikono yote, halafu watu wakampigia Dorkas makofi, wanawake wakapiga vigelegele. Na mimi, badala ya kushukuru, mnajua nilihisi nini? Wivu. Nimepata macho yangu na roho inaniuma. Kanizidi shingo, kanizidi kucheka, sasa kanizidi na wema. Nilirudi nyumbani bila kumwambia hata asante.

Walinipasua la kulia. Bandeji ilipotoka niliona mpaka vumbi kwenye dirisha. Baada ya wiki mbili nikarudi zahanati, nikaenda moja kwa moja kwenye dirisha la wazee, kifua mbele, kadi mkononi. Nikapishwa. Nikakaa kwenye benchi lenye kivuli. Na kutoka pale nikamwona Dorkas kwenye ile foleni yangu ya zamani, kwenye jua. Nilikuwa sijamwona vizuri miaka mingapi? Shingo ile imekunjamana. Miguu imevimba. Alipofika dirishani wakamtajia bei ya dawa, akafungua pindo la khanga akahesabu, akahesabu tena, akasema atarudi kesho. Akapita mbele yangu akanisalimu, "Shikamoo dada, unaonaje sasa?"

Nikasema naona.

Keshoye aliondoka mapema kwenda kuuza mihogo apate hela ya dawa. Mimi nikauza beberu mmoja, nikaenda ofisini ambako mama mmoja alikuwa anaandikisha bima ya kaya, ile ya watu sita kwa kadi moja. Inaanza kutumika baada ya mwezi. Chenji ya beberu ingetosha dawa za mwezi huo. Nikakaa mbele yake.

"Mkuu wa kaya?"

"Wankyo."

"Umri?"

"Sitini na nane," nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka nje.

"Wewe si una kadi ya mzee? Bima ya nini?"

"Si yangu. Andika Dorkas."

"Mnakula chungu kimoja?"

"Tutakula."

"Ni nani yako?"

Neno mke mwenza lilikuwa kwenye ulimi, chungu kama siku zote. Yule mama akagonga kalamu mezani, watu nyuma yangu wakaanza kuguna.

"Andika mdogo wangu."

"Wa tumbo moja?"

"Wewe andika, mama," nikamwambia. "Nilikuja naye."