Kinanda cha Mkono wa Kushoto

Saa nane mchana, na mwanamke aliyeshika chuma cha kulehemu hapumui. Ameuma ulimi. Anagusa bodi ya kijani kwa ncha ya chuma, moshi kidogo unapanda, anaondoa mkono. "Tayari," anasema, na hapo ndipo anapovuta pumzi.

Mtaani wanamwita Risasi. Wageni hushtuka kulisikia jina hilo, lakini risasi yenyewe ni ule waya laini wa kulehemia usiokosekana mfukoni mwake. Ni fundi redio. Kazi hii aliianza kabla ya kuolewa, na anasema imemvumilia kuliko yule mume.

Leo redio za watu zimesukumwa pembeni. Mezani kuna kinanda cha elektroniki alichokiunda mwenyewe kutokana na vipande vilivyouzwa ndani ya boksi moja: bodi, chipu, vibonye na karatasi ya maelekezo. Ndani hakina nyuzi wala mvukuto. Kila sauti inatengenezwa na chipu kwa hesabu. Wenye fani wanakiita sinthesaiza. Risasi anakiita "huyu mtoto", na akikasirika, "huyu shetani".

Nyuma yake, kwenye stuli, ameketi baba yake. Shati limenyooshwa, viatu vimepigwa rangi. Mkono wa kulia umelala pajani kama mzigo wa mtu mwingine alioombwa aushike. Alipiga kinanda kwenye bendi ya dansi tangu Risasi akiwa mchanga, hadi kiharusi kilipouchukua mkono huo mwaka juzi.

Tangu hapo nafasi yake imeshikwa na mpigaji wa kuazima. Sasa bendi imepata kazi ya kudumu ukumbini, na kiongozi wake anataka kujua moja: mzee anarudi, au yule wa kuazima anabaki moja kwa moja? Leo anakuja kusikiliza. Hatakuja mara ya pili.

"Akikataliwa leo, sitamwona tena amevaa viatu hivyo," Risasi ananiambia kwa sauti ya chini, mimi mwandishi niliyekaa pembeni.

Kwa nini asinunue cha dukani?

"Cha dukani kinataka mikono miwili," anasema. "Na kimezibwa kila upande, huwezi kukigusa. Hiki unakifundisha unavyotaka wewe."

Na kweli amekifundisha. Chini ya meza kuna vibao vinne vya mguu, vimevishwa soli za kandambili kuukuu. Mzee akikanyaga kimoja, kinanda kinashikilia zile sauti za msingi zilizokuwa kazi ya mkono mmoja, na mkono wa kushoto unabaki huru kuimba juu yake. Vibao vya kwanza vilikuwa vigumu, vikamchubua kidole. Vilivyofuata vilikuwa laini mno, vikawa vinalia hata paka akipita. Boksi lile lilikula hela ya mabati ya jikoni, hivyo mvua ikinyesha chakula kinahamia chumbani.

Lipo jambo moja lililowagombanisha. Wiki nzima mzee amekuwa akisema kinanda kimenuna.

"Kimenuna vipi, baba?"

"Kimenuna tu, mama. Kinapiga, lakini kama hakitaki."

Risasi alibadilisha sauti, akabadilisha spika, akabadilisha hata waya. Mwisho uvumilivu ukamwisha. "Baba, wewe unalilia kile kinanda chako cha zamani!" Siku hiyo kila mtu alikula kivyake.

Wageni wanaingia wakiwa wawili. Kiongozi wa bendi, mpiga saksafoni mwenye kitambi na sauti ya upole, anamkumbatia mzee na kukawia kumwachia. Nyuma yake ni mpiga gitaa, mtu mwembamba anayecheka ovyo akiwa na wasiwasi. Leo anacheka sana.

Mzee anapiga peke yake kwanza. Mguu unakanyaga, vidole vya kushoto vinapanda na kushuka, na kibanda kizima kinajaa muziki. Mpiga gitaa anaacha kucheka, anasikiliza. Kiongozi anatikisa kichwa kwa kuridhika, anafungua kasha lake na kutoa saksafoni.

"Haya, bwana. Twende pamoja."

Sauti ya kwanza ya pamoja inaumiza masikio. Wanasimama, wanaanza upya, mambo ni yaleyale. Mpiga gitaa anajaribu nyuzi zake moja moja.

"Ni mimi?" anauliza.

"Kinanda kiko chini," anasema mzee, macho ameyafumba. "Chenyewe kwa chenyewe kinapatana. Nyinyi ndio hakipatani nanyi."

"Basi nashusha gitaa nikifuate," anasema mpiga gitaa haraka haraka.

"Gitaa utashusha. Na hii je?" Kiongozi anainua saksafoni. "Nikivuta mdomo wake mpaka uchomoke, haifiki huko." Anairudisha kwenye kasha taratibu, bila kumtazama mzee. "Ndugu yangu, Mungu anajua sikuja kukuumiza. Lakini ukumbi hauwezi kungoja."

Anafunga lachi ya kwanza ya kasha. Mlio wake ni mdogo, lakini naona bega la mzee likishtuka.

Risasi anavuta taa, anainamia bodi na kusoma maandishi juu ya kidude cha bati kisichozidi punje ya hindi. Anajipiga kofi la paji la uso.

"Mungu wangu! Ni mimi."

Kidude hicho ni kristali. Kazi yake ni kuipigia chipu mapigo, na chipu huhesabu kila sauti kwa kufuata mapigo hayo. Ile iliyokuja kwenye boksi ilikatika mguu alipokuwa akiukunja. Ilikuwa ya mapigo milioni kumi na mbili nukta mbili nane nane kwa sekunde. Risasi akachakura kopo lake la vipuri, akapata ya kumi na mbili kamili, iliyotoka kwenye king'amuzi kibovu, akailehemu. "Nikajiambia, kumi na mbili ni kumi na mbili," anasema sasa, akikaribia kulia.

Kinanda kiliwaka na kulia bila tatizo. Lakini mapigo yakiwa ya polepole, sauti zote zilishuka kwa pamoja, karibu nusu ya hatua ya kutoka kibonye hadi kibonye cha jirani. Humu kibandani hapakuwa na ala nyingine ya kulinganisha. Palikuwa na sikio la mzee tu, nalo lilipuuzwa.

"Baba mdogo, usifunge hiyo lachi ya pili," anasema Risasi. "Nakuomba."

Kiongozi anatazama saa yake, anamtazama mzee, anakaa.

Risasi anachomeka kompyuta. Hakuna haja ya kulehemu tena: ndani ya programu kuna namba inayoieleza chipu mapigo yake ni ya kasi gani, na namba hiyo inaidanganya. Anaifuta, anaandika iliyo ya kweli, anaanza kuipakia kwenye chipu. Hatari ni moja. Umeme ukiyumba katikati, chipu itasahau kila kitu, na nyingine ni ya kuagiza.

Mara taa inafifia. Jirani, mchomeleaji wa mageti, ameanza kazi.

"Mzuieni!" Risasi anapiga kelele. Mpiga gitaa anatoka mbio, gitaa bado shingoni.

"Kaka, simama kidogo!"

"Nina geti la mtu hapa!"

"Geti litangoja, mzee hawezi!"

Mlio wa mashine unakatika. Taa inarudi. Kwenye kioo cha kompyuta mstari wa buluu unasogea kwa kusitasita, na sisi wote tunautazama kana kwamba tunausukuma kwa macho. Unafika mwisho. Kinanda kinatoa mlio mfupi.

Kiongozi anafungua lachi, anatoa saksafoni na kupuliza sauti moja ndefu. Mzee anaijibu kwa kidole kimoja. Zinakutana.

Wanapiga wimbo mzima bila kusimama. Mlangoni mchomeleaji amesimama na miwani yake myeusi kichwani, naye hasemi habari za geti tena.

"Jumamosi, saa kumi na mbili jioni," anasema kiongozi wakati wa kuondoka. "Na uje na viatu hivyohivyo."

Wageni wakishatoka, Risasi anachuchumaa mbele ya stuli. "Kilikuwa kimenuna kweli, baba. Nisamehe."

"Hukuniamini, mama."

"Sikukuamini."

Anasema ataagiza kristali sahihi na kuunda kasha la mbao kabla ya mwisho wa mwezi. Mzee anamsikiliza nusunusu. Anapapasa ubao ulio wazi, upande wa kulia wa vibonye.

"Hapa mbona patupu?"

Risasi anasita. Hakuweka kitu upande huo, na sababu yake wote wawili wanaijua.

"Niwekee kitufe cha kuzungusha," anasema mzee. "Kikubwa, kama vile vya redio za zamani. Niwe naongeza sauti."

Tangu augue, hajawahi kuomba chochote kwa ajili ya mkono wa kulia. Risasi analivuta kopo la vipuri, lilelile, na kuanza kuchakura akiwa ameinamisha uso.

"Kiwe kigumu au laini, baba?"

"Laini," anasema mzee. "Kwa kuanzia."