Damu Kwenye Leso ya Shangazi

Shangazi yangu, dada mdogo wa baba, aliuawa siku ya soko katika miaka ya sabini, kwenye njia ya mkato kati ya boma letu na Kathonzweni. Alinyongwa. Mwilini hakuwa na jeraha hata moja, lakini leso yake ilikuwa na damu, na kila mtu alielewa kwamba damu hiyo ilikuwa ya muuaji. Shangazi alikuwa amepigana.

Kwa miezi mingi watu walikuja kuangalia mahali pale. Wengine walitoka hata Kasikeu, wamevaa nguo za kanisani, wakasimama kando ya makonge wakionyeshana majani yaliyovunjika. Mimi nilikuwa msichana wa shule ya msingi, nao walinisimamisha njiani: "Wewe si wa lile boma? Hebu tuambie."

Maneno yote yaliishia kwa mchinjaji mmoja, jirani yetu, aliyeonekana siku hiyo akiwa na mkwaruzo shingoni. Yeye alisema ni miiba. Polisi walimhoji wakamwachilia, na leso wakamrudishia nyanya, mama yao baba na shangazi, maana siku hizo damu ilikuwa damu tu. Sokoni hukumu ilikuwa imeshatolewa. Watu waliendelea kununua nyama kwake huku wakimtazama shingo.

Nyanya hakuifua ile leso. Aliikunja akaiweka ndani ya debe chini ya kitanda.

Kisha, miaka ya tisini, redio ikaanza kuzungumzia DNA: eti damu ya zamani, hata iliyokauka, inaweza kumtaja mwenyewe. Kwenye kinu cha posho, na nje ya kanisa baada ya ibada, kifo cha shangazi kikafufuka. Vijana ambao hawakuwa wamezaliwa walikisimulia kana kwamba walikiona.

Jumapili moja alasiri mchinjaji alikuja. Nilikuwa nimemtembelea nyanya, naye alikuwa akipepeta ndengu. Mgeni alikataa kiti.

"Mama, ile leso bado unayo?"

"Ninayo."

"Naomba ipelekwe Nairobi. Nitatoa damu yangu walinganishe. Nimechoka."

Nyanya akashusha ungo. Nilikuwa nimemwogopa mtu huyu tangu utotoni, na sasa alikuwa amesimama hapo akiomba.

"Na kama si wewe?"

"Basi mtajua si mimi."

"Nimeuliza, kama si wewe, ni nani?"

Alizitazama nyumba za boma letu, ya baba na za ndugu zake, moja baada ya nyingine, kisha akaaga.

Kesho yake asubuhi nilimkuta nyanya jikoni. Leso ilikuwa inaungua katikati ya mafiga.

"Susu!" nikamwita kwa Kikamba, yaani nyanya. "Unafanya nini?"

"Huyu mchinjaji nimemzoea," alisema bila kugeuka. "Mwingine sitamweza."

Mchinjaji alihama kabla ya mvua, akaenda upande wa Mutomo. Watu wakasema, si mnaona, ametoroka DNA. Nyanya aliwasikia akanyamaza. Nami nikanyamaza.

Krismasi hiyo tulikusanyika sote nyumbani. Baba na ndugu zake walikunja mikono ya mashati wakachuna mbuzi, wakicheka, na nikajikuta naikagua mikono yao. Ilikuwa na makovu mengi, kama ya mkulima yeyote.

"Unatafuta nini?" mmoja wao akaniuliza. Alikuwa ameacha kucheka.

Niliaga mapema. Tangu siku hiyo, nikienda kwetu, silali huko.