Sanduku la Barua la Mzee Anselme

Ipo siku moja ya ujana wangu, mwanangu, ambayo hainitoki akilini. Ilinirudia jana uliponijia kuuliza kama ofisi yenu ya Mbugangari iachane na seva yake ya zamani na kuhamishia barua pepe zote katika mfumo mpya. Ulitaka ndiyo au hapana. Jibu nitakupa, lakini kwanza nisikilize.

Nilikuwa nimerejea nchi ya wazazi wangu kutoka Tanzania, nilikozaliwa na kusomea kompyuta, nikaajiriwa na kampuni ya hapa Gisenyi iliyosafirisha mizigo kwa boti hadi Cyangugu, kusini mwa ziwa. Seva yake ilikaa chumba cha nyuma, ikinguruma kutwa, na kila umeme ulipokatika barua zilichelewa. Mkurugenzi, mama mtaratibu aliyekulia Goma, alisitasita. Aliniuliza mambo mawili: kama kuhama kulikuwa kwa lazima, na kama mashine ya zamani ingeweza kuachwa ikiwaka miezi michache baadaye. La kwanza nililijibu kwa hoja ninazoziamini mpaka leo. La pili nililijibu kwa kiburi. Nilimwambia kwamba fundi anayeijua kazi yake hana haja ya kutazama nyuma.

Ili nijue masanduku ya barua ya nani yahamishwe, nilimpigia simu Claudine, karani wa bandarini, nikawa nataja jina moja moja na kuuliza, "Yupo?" Nilipofika kwa Anselme, mpokea mizigo, alijibu, "Oya, haiko," yaani hapana, hayupo. Mimi niliuliza kama mtu huyo bado ni mfanyakazi, yeye alidhani namtaka aje kwenye simu, na Anselme siku hiyo alikuwa safarini ndani ya boti. Kuuliza mara ya pili kungenichukua nusu dakika. Sikuuliza. Nilikata jina lake, nikahamisha barua za waliobaki, na Jumatatu nikaifuta mashine ya zamani yote.

Jumanne mzee mmoja niliyekuwa sijawahi kumwona aliingia ofisini, koti la mvua mkononi, akaketi mbele yangu na kusema kwamba sanduku lake halifunguki. Nilipolisikia jina lake nilishtuka, lakini nikajikaza. Nilimweleza kwamba nitamfungulia jipya kabla hajamaliza chai, na kwamba nakala za orodha za mizigo zimo kwenye mafaili, hakuna kilichopotea.

Hakuja kwa ajili ya mizigo. Mkewe, Veneranda, alikuwa karani wa ofisi ya Cyangugu kwa miaka mingi, nao walionana mwisho wa mwezi tu. Kila alipotuma orodha, chini yake aliongeza mistari miwili mitatu ya mumewe peke yake. Alikuwa amefariki. Tangu hapo, kila asubuhi kabla ya kushusha mizigo, mzee alifungua barua moja na kuisoma. Hakuwa na kompyuta nyumbani, wala hakuwahi kufikiri kwamba barua ya ofisini yaweza kuhifadhiwa kwingine.

Nilijitetea kwamba niliuliza, nikaambiwa hayupo. Alinitazama bila hasira.

"Kijana, uliuliza kama niko," akasema. "Hukuuliza niko na nini."

Claudine hakuwa mpole hivyo. "We Mutanzania, Kiswahili yako ni ya kitabu," aliniambia. "Mutu akiacha kazi, ningekuambia ameacha kazi."

Nilitafuta kwa juma zima. Kule Cyangugu nako hakukuwa na kitu, maana barua za ofisi zote mbili zilikaa katika mashine ileile niliyoifuta. Ilipatikana moja tu, ambayo Veneranda aliwahi kumtumia Claudine kwa makosa, naye akaichapa pamoja na orodha. Chini ya mstari wa magunia ya maharagwe iliandikwa: "Ziwa iko na mawimbi leo. Usipande boti ya mwisho. Umekula?"

Mzee aliisoma akiwa amesimama, akauliza kama anaruhusiwa kuichukua, akaikunja. Hakunilaumu tena. Lakini mpaka alipostaafu nilimwona kila asubuhi akija saa ileile, akiketi mbele ya kompyuta, akivaa miwani, kisha akiivua na kushuka botini. Mngurumo wa seva ile niliudharau sana, mwanangu. Leo ningetoa ujuzi wangu wote niusikie asubuhi moja tu, mzee akiwa ameketi pale anasoma.

Basi jibu langu ni ndiyo: hameni, seva yenu imechoka. Ila usihamishe watu kwa orodha. Mwendee kila mmoja hadi mezani pake, umwulize ana nini mle ndani, na akijibu kwa neno moja, mwulize tena. Hata barua za waliofariki zina mtu anayezisoma; mtafute. Na usiifute mashine ya zamani mpaka kila mtu afungue sanduku lake jipya mbele ya macho yako na kukuambia kwa kinywa chake kwamba ameviona vilivyo vyake. Wakikucheka kwa kuchelewa, wavumilie. Kuchelewa kwako kutasahaulika.

Mungu akupe mkono mzito wa kufuta na sikio jepesi la kusikia, na asiwepo chini ya kazi yako mtu atakayevaa miwani asubuhi akakosa cha kusoma.