Niliulizwa Kazi ya Gari la Baba, Nikasema Ukweli

Naomba jina langu lifichwe, kwa sababu shangazi zangu husoma ukurasa huu. Nina miaka kumi na sita, niko kidato cha tatu, na tunaishi Bondeni, Nakuru. Baba ana Probox moja nyeupe. Aliikatia bima ya gari la kibinafsi kwa sababu ni rahisi, lakini kila siku ya soko hubeba kina mama wa mboga kutoka Njoro hadi mjini, nao humlipa. Karo yangu hutoka hapo.

Muhula uliopita alimkwepa punda aliyebeba maji akagonga nguzo. Hakuna aliyeumia, na gari lilibonyea tu mbele. Mkaguzi wa bima alipokuja nyumbani kuliangalia gari, baba alikuwa ameenda kununua maziwa ya chai ya mgeni. Yule mtu akaniuliza kwa upole, "Na hii gari hufanya kazi gani?" Nikajibu kwa fahari, "Hubeba kina mama wa soko. Jumamosi hujaa kabisa." Akatabasamu, akaandika. Kisha akanywa chai yetu, vikombe viwili.

Barua ikaja: gari la kibinafsi haliruhusiwi kubeba abiria wa kulipa, kwa hivyo hawatalipa, na bima imefutwa. Polisi siku hizi hukagua bima kwa simu, kwa hivyo gari limekaa tu nje. Kuku wa jirani wanataga chini yake.

Baba hajanipiga. Ameacha tu kuniita jina langu. "Shahidi, leta chumvi." "Muulizeni shahidi, yeye hajui kunyamaza." Mama akisema, "Lakini mtoto hakujua," yeye hujibu, "Si amesoma?" Na ni yeye aliyenichapa nikiwa darasa la pili kwa kudanganya kuhusu sukari.

Sasa ameleta fomu ya kampuni nyingine. Mimi ndiye hujaza fomu zote za nyumbani, kwa sababu ya mwandiko. Swali la tisa linauliza kama umewahi kufutiwa bima. Baba amesema, "Andika hapana. Na gari ni la kwenda kanisani."

Nilimuuliza mama mmoja wa kanisa letu ambaye ni ajenti wa bima. Akaniambia, "Mkificha, mtalipa kila mwaka na siku ya ajali msipate kitu. Semeni ukweli, muombe bima ya gari la biashara. Ni ghali, lakini kuna kampuni hukubali, hata kulipa kidogo kidogo."

Nilipomwambia baba, alicheka. "Huyo kazi yake ni kuuza. Na wewe ulishaniuza."

Nimejaza kila kitu isipokuwa swali la tisa. Jumatatu ataichukua fomu. Nikiandika hapana, labda nitarudishiwa jina langu. Nikiandika ndiyo, huenda gari likabaki na kuku, nami nikabaki nyumbani. Bado naamini kuna namna ya kumwambia ikamwingia.

Ninyi mliowahi kufutiwa bima, mlianzaje tena? Na mngekuwa mimi, mngeandika nini hapo?