Nguzo Nilizodhani ni Njia ya Maji

Kanisa lile dogo la Newala nililijenga mimi, na kosa lake ni langu, ingawa Mwalimu huwa analazimisha nusu iwe yake. Mwalimu ni mama aliyestaafu ualimu, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi. Mimi ni Mwislamu, fundi wa Masasi, elimu yangu darasa la saba. Aliniita kwa kuwa niliwahi kujenga darasa la shule kule Lisekese.

Alinionyesha kitabu cha picha za kanisa la mfalme mmoja wa Ufaransa, la zamani sana, lililojengwa kutunzia taji la miiba. Kuta karibu hazipo. Ni madirisha tu, marefu, juu yamechongoka, vioo vya rangi mpaka darini.

"Tunataka hivi, ila kadogo," akasema.

Kwa nje, kati ya dirisha na dirisha palikuwa na nguzo nene, na kule juu vichwa vya wanyama vimeachama. Nikauliza vya nini.

"Vinatema maji ya mvua."

Nikaona nimeelewa. Newala maji ni shida. Mtu akijenga, akili yake iko kwenye bati, mfereji na kisima. Nikadhani nguzo zote zile ni njia ya maji. Nikamwambia tuziache, mifereji ya bati tunayo. Akakubali. Sikumdanganya, nilijidanganya mwenyewe, naye akaniamini.

Madirisha yalitoka mazuri, hilo nalisema. Asubuhi rangi nyekundu na bluu zililala sakafuni, watu wakazipita kwa pembeni kama mkeka wa mtu.

Baada ya mvua za kwanza nikaona ufa juu ya dirisha la tatu. Ijumaa, kipaimara cha watoto kikiwa Jumapili, nikashusha timazi, uzi wenye kichuma cha kupimia kama ukuta umenyooka. Ukuta umelalia nje, upana wa kidole. Nikapima mara nne. Nikakifungua tena kile kitabu, nikazitazama zile nguzo. Ndizo zilizoushika ukuta. Ukuta uliotobolewa madirisha hivyo hauna cha kujishikia, na paa linausukuma nje. Labda. Sijalisoma hilo popote, na kidole kimoja si lazima kiangushe ukuta. Lakini nikinyamaza, watoto watakaa chini yake. Nikisema, askofu yuko njiani, na watu watasema Mwislamu ndiye kafunga kanisa.

Usiku ule sikula. Asubuhi nikaenda kwa Mwalimu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Uso gani huo, fundi? Umefiwa?"

Nikamweleza yote, hata lile la mifereji. Akauliza, "Kesho utaanguka?"

"Sijui."

"Ungejua ningekugombeza vizuri." Akaingia ndani kutafuta kufuli la kufungia kanisa.

Ibada ikafanyika kwenye darasa la shule, wengine wamesimama nje juani. Mama mmoja aliyemshonea bintiye gauni jeupe akanikuta kanisani naegemeza miti ukutani.

"Fundi, mbona ukuta wako umesimama?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Ulisimama siku ile, na wiki ile, mpaka kiangazi tulipojenga zile nguzo nje. Hivyo sijui kama niliokoa watu au niliwaharibia sherehe tu. Nikipanda Newala napitia pale kwanza, nashusha timazi kabla sijamwamkia mtu.