Ponchki za Jumanne

Pelagia Kubacka alizaliwa Hamtramck, mji mdogo uliozungukwa na Detroit huko Marekani, akabatizwa Hamtramck, akaolewa Hamtramck, na kwa miaka thelathini na mmoja alishona vitambaa vya viti katika kiwanda cha magari kilichokuwa mwendo wa dakika kumi kutoka mlangoni kwake. Poland alikuwa hajaikanyaga hata siku moja. Lakini ungemuuliza yeye ni mtu wa wapi, angekutazama kana kwamba umemtukana. "Mpolandi," angekujibu. "Kwani unaona nini?"

Wazazi wake ndio waliotoka huko, kijiji kimoja cha wakulima wa viazi, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Lugha aliipata kwa mama yake, jikoni, na Kiingereza cha kiwandani kikajichanganya humo bila kuomba ruhusa. Mumewe Klemens alikuwa amefariki miaka sita iliyopita. Wanawe wawili walihamia California, ambako, kwa maneno yake mwenyewe, watu hula majani kama sungura. Alibakiwa na nyumba ya ghorofa mbili, na jiko la parokia chini ya kanisa, ambalo yeye ndiye aliyekuwa mkuu wake. Hata Padri Edmund alibisha hodi kabla ya kuingia humo.

Januari ya mwaka 1983 padri alibisha hodi, akavua kofia, akasimama karibu na sufuria kubwa.

"Bi Pelagia, kuna mume na mke wanakuja kutoka Poland, mji wa Gdańsk. Bwana ni fundi umeme, alikuwa kizuizini kwa mambo ya chama cha wafanyakazi. Wamempa pasipoti ya kwenda bila kurudi. Nimesikia ghorofa yako ya juu iko tupu."

"Tupu?" alisema Pelagia. "Baba, imeshapata watu tangu uliposema Gdańsk."

Alikwenda kuwapokea mwenyewe uwanja wa ndege, amevaa koti la Jumapili. Hakupata shida kuwatambua: mume mrefu aliyebeba sanduku moja, mke mwembamba mwenye miwani aliyebeba mawili. Hao walikuwa Mirek na Halina Sowa. Pelagia aliwabusu mashavuni mara tatu tatu, kisha akapaza sauti kwa Kipolandi chake:

"Fanyeni haraka wanangu, kara inawangoja nje!"

Mirek alisimama pale pale. Watu wa Hamtramck huita gari kara. Wametohoa Kiingereza miaka mingi hata wamesahau. Huko Poland, kara ni adhabu.

"Tena?" Mirek aliuliza taratibu. "Mbona ndiyo kwanza nimemaliza ile nyingine?"

Halina alipong'amua alicheka mpaka miwani ikaanguka. Pelagia naye alicheka, ingawa hakujua wanacheka nini mpaka walipofika barabara kuu na Mirek akamweleza.

Nyumbani aliwapokea tena, safari hii kwa mkate na chumvi, desturi ya Wapolandi ya kumkaribisha mgeni, juu ya kitambaa alichodarizi mama yake. Halina alimtazama mumewe, mumewe akatazama dari.

"Asante sana, Bi Pelagia," alisema Halina. "Mara ya mwisho kuona mkate na chumvi, alikuwa anapewa kigogo wa chama tawala aliyekuja kufungua kiwanda cha vifungo."

"Na mkate wenyewe ulikuwa wa juzi," aliongeza Mirek.

"Huu nimeuoka leo asubuhi," alisema Pelagia. "Na nyie si vigogo. Kuleni."

Basi wakaishi hivyo, wao juu, yeye chini, lakini jioni zote walikuwa jikoni kwa Pelagia. Alipika kabichi alizoviringishia nyama na wali, akazimwagia mchuzi wa nyanya. Halina alikula nne, akafuta mdomo, akasema kwao wanatia mchuzi wa uyoga. Pelagia akasema uyoga ni wa Krismasi. Mirek akasema yeye hana ugomvi na mchuzi wowote. Halina akataka kujua siku ya jina la Pelagia ni lini, yaani sikukuu ya mtakatifu wa jina hilo, ili waje na maua. Pelagia akasema yeye husherehekea siku ya kuzaliwa, na keki. "Siku ya kuzaliwa?" alishangaa Halina. "Hiyo ni ya watoto! Mtu mzima ana haja gani ya kutangaza umri?" Pelagia alilifikiria hilo wiki nzima, akaona lina maana.

Alivipenda vijembe hivyo. Nyumba ilikuwa imekaa kimya miaka sita.

Kwaresima ilipokaribia, Pelagia alianza kujishughulisha na ponchki. Ni donati nene zisizo na tundu, zenye jemu ya plamu tumboni, na kila mwaka, Jumanne ya kuamkia Jumatano ya Majivu, yeye na akina mama kumi na wawili walikaanga elfu mbili chini ya kanisa. Foleni ilizunguka mtaa kabla jua halijachomoza. Watu walitoka Detroit yote, Wapolandi na wasio Wapolandi. Hakuna kilichompa Pelagia fahari kama siku hiyo.

Alhamisi iliyotangulia, asubuhi, Halina alishuka ngazi akiwa na sahani tupu mkononi na tabasamu kubwa.

"Haya, Bi Pelagia, umezificha wapi?"

"Nimeficha nini?"

"Ponchki! Si leo ni Alhamisi ya Mafuta?"

Pelagia aliweka kikombe chini. "Ponchki ni Jumanne, mwanangu."

"Jumanne?" Halina alikaa kitini. "Jumanne ni ya samaki wa chumvi! Ponchki ni Alhamisi. Poland nzima inajua. Leo watu wamepanga foleni toka Gdańsk hadi Kraków."

"Mimi nimezikaanga Jumanne miaka arobaini. Na mama yangu kabla yangu."

"Mirek!" Halina aliita. "Hebu njoo. Ponchki ni lini?"

Mirek alichungulia mlangoni, akawatazama wanawake wale wawili. "Mimi," alisema, "napanga kwa mmoja na nalala na mwingine. Sina maoni." Akarudi juu.

Yangeishia katika kicheko, kama Halina hangeongeza, bila nia mbaya, huku akichezea sahani: "Labda Wamarekani ndio waliochanganya siku."

Wamarekani. Pelagia alisuuza kikombe chake, akavaa koti na buti, akatoka kwenye theluji.

Alikwenda moja kwa moja kwenye nyumba ya wazee wanayoiendesha masista, kwa shangazi yake Rozalia, mwenye miaka tisini na mmoja. Rozalia alivuka bahari pamoja na mama yake Pelagia, na ndiye mtu pekee aliyebaki duniani aliyekijua kile kijiji. Alikuwa amekaa dirishani na blanketi magotini, masikio mazito, akili kali kama wembe.

"Shangazi!" Pelagia alipaza sauti. "Nyumbani, kijijini, ponchki mlikula siku gani?"

"Tulikula nini?"

"Ponchki! Alhamisi au Jumanne?"

Mabega ya bibi kizee yakaanza kutikisika kwa kicheko. "Ponchki? Kijijini? Wewe mtoto umechanganyikiwa? Mayai yalikwenda sokoni, sukari tuliiona kwa mwenye shamba. Sisi tulikula viazi. Sikukuu ikija, tulikula viazi vyenye mafuta."

"Sasa mama yangu alijifunza wapi?"

"Hapa hapa! Kwa yule Mjerumani mwenye duka la mikate, alipokuwa akimsafishia masufuria. Jumanne ndiyo siku aliyokaanga Mjerumani, basi na yeye akakaanga Jumanne. Alipopeleka za kwanza parokiani, watu walidhani ametoka ukoo wa kitajiri. Naye akawaacha wadhani hivyo!"

Pelagia alikaa kitandani pa shangazi yake. Miaka yote hiyo alijiona analinda mali ya wazee wake, na mali yenyewe waliiokota mtaa wa pili. Alisubiri huzuni impate. Badala yake alimwona mama yake akiwa binti wa miaka ishirini, mikono imeiva kwa maji ya moto, jicho pembeni kwenye karai la Mjerumani, anahesabu mayai kimoyomoyo. Kicheko kilimtoka kwa nguvu, shangazi naye akadakia, mpaka sista akaja kuangalia kuna nini.

Aliporudi nyumbani, Halina alikuwa amesimama mlangoni macho mekundu.

"Bi Pelagia, nisamehe. Nimesema ovyo. Kule walitufukuza, na hapa nimekuja kukufundisha wewe uenyeji wako."

"Funga aproni," alisema Pelagia. "Unga uko kabatini. Bado ni Alhamisi."

Akamsimulia habari za Mjerumani huku wakikanda. Halina, aliyekuwa mwalimu wa kemia, aliomba kijiko kimoja cha pombe kali akakitia kwenye kinyunga. "Inazuia donati kunywa mafuta," alieleza. Pelagia alisema atakaloona ndilo atakaloamini. Walipoikata ya kwanza, ndani ilikuwa kavu na laini. Pelagia aliitafuna taratibu, akakunja uso.

"Sawa," alisema. "Jumanne tutatia chupa nzima."

Na Jumanne Halina alikuwa wa kwanza chini ya kanisa, akiwa amebeba beseni la samaki wa chumvi aliowaloweka katika siki na vitunguu. Akina mama walimtazama kwa mashaka. "Kwetu leo ni siku ya hawa," aliwaambia. Pelagia alichukua kipande, akakila mbele ya wote, akatangaza kuwa beseni lina meza yake. Saa tatu asubuhi ponchki zote elfu mbili zilikwisha, na samaki walikwisha kabla yake, kwa sababu Mirek alisimama pale akiwaambia wateja kwamba bila samaki, donati hazishuki.

Kesho yake, Jumatano ya Majivu, walipanga mstari kanisani, Halina mbele, Pelagia nyuma yake. Kwao Halina majivu hunyunyizwa utosini. Hamtramck padri huchora msalaba kwenye paji la uso. Hakuna aliyekumbuka kumwambia. Alipofika mbele aliinamisha kichwa chini kwa unyenyekevu mkubwa. Padri Edmund, kidole gumba kimeshanyooka, akamfuata chini. Halina akainama zaidi. Padri akapiga goti nusu. Hatimaye msalaba ulitua kwenye lenzi ya kushoto ya miwani yake.

"Kumbuka ya kuwa u mavumbi," alisema padri kwa sauti isiyotulia.

Nyuma yao, Pelagia Kubacka alikuwa amejifunika uso kwa mikono miwili, mabega yakitikisika, na wote waliomwona walidhani anatubu.