Mahindi ya Mzee Anyelwisye Hayaachwi Yakomae

Saa kumi na mbili asubuhi, umande ungali juu ya majani, Mzee Anyelwisye amesimama katikati ya shamba lake la Busale, wilayani Kyela. Anabandua punje ya hindi kwa ukucha na kukitazama kitako chake. Anatafuta kitone cheusi, dalili ya kukomaa. Hakioni, maziwa ya punje yanamchuruzika kidoleni.

"Bado wiki tatu," anasema, akiguna. "Wiki tatu! Nani ataniachia shamba siku zote hizo?"

Mpunga umemzunguka pande zote. Katika kitongoji hiki ni yeye peke yake mwenye mahindi, robo tatu ya ekari, na kila mwenye jino hulielekea shamba lake. Mwaka jana alitarajia magunia tisa. Yaliyofika ghalani ni manne. Mpunga wa nyumba hii huuzwa. Mahindi ndiyo chakula cha watu saba. Ilipofika Oktoba ghala lilikuwa tupu, wakaanza kununua unga dukani kilo kwa kilo.

"Ndaga, malafyale wa ngedere!" jirani yake, Jackson, anamwamkia kwa kejeli kutoka majarubani, akimwita chifu wa wanyama wanaomfukulia mbegu kila Desemba.

"Cheka tu," anajibu mzee. "Ngedere hula akashiba. Wewe juzi ulibeba mahindi kumi na mawili, ukasema unaonja!"

Heri adui angekuwa ngedere. Hao aliwafukuza hadi miche ikasimama. Alipalilia mara mbili, mgongo ukimuuma. Viwavijeshi vilipoingia, alitia majivu kwa vidole katika moyo wa kila mche, mmoja baada ya mwingine. Mola akajaalia mvua, mahindi yakatoa mbelewele, yakabeba. Ndipo akatokea mchumaji ambaye mzee hawezi kumzuia: Neema, mke wa mwanawe Lugano.

Kwa desturi ya Wanyakyusa aliyolelewa nayo mzee, baba mkwe na mkaza mwana hawakabiliani uso kwa uso wala hawasemezani. Wengi wameilegeza. Yeye hajailegeza.

Kikohozi cha mwanamke kinasikika njiani. Mzee anageuka, anajitoma migombani, analipa shamba mgongo. Hindi la kwanza linavunjwa. La pili. La saba.

"Tusajigwe!" anamwita mkewe anayefagia uani. "Muulize mkaza mwana wako, hayo ni ya nani!"

Mkewe anakwenda, anarudi. "Anasema mtoto anayalilia."

"Mtoto ana miezi mitano! Hana hata jino moja!"

"Basi anamlilia mama yake. Anayenyonyesha ana njaa, baba Lugano."

Mzee anatoa mpango anaosema ameuwaza tangu palizi. Desemba ijayo, mistari minne ya kando ya njia itakuwa ya Neema: apande mbegu ya muda mfupi, achume mabichi apendavyo. Mingine isiguswe hadi ikauke.

"Lakini alime mwenyewe. Afukuze ngedere, atie majivu. Akishainama wiki kumi na mbili, atajua hindi bichi lina uchungu gani."

Tusajigwe anaupeleka ujumbe. Anarudi amekaza midomo, asije akacheka.

"Anasema ndaga sana, anashukuru. Ila anataka mistari sita."

Mzee anaujibu mgomba ulio mbele yake.

"Mwambie sawa, sita. Na palizi zote mbili ni zake."